Windo la Kwanza la Kijana: Hukumu na Adabu za Kuwinda Kulungu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemtiishia mwanadamu wanyama wa nchi kavu na wa baharini, kisha akamwekea mipaka katika kuwatumia. Rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na kila mwenye kuufuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Miongoni mwa familia za Oman na Ghuba zenye kusema Kiswahili, zimo ambazo wazazi wamekwenda Marekani kwa masomo au kwa kazi, wakakaa huko miaka pamoja na watoto wao. Katika majimbo mengi ya nchi ile, ifikapo mwezi wa Novemba na majani yamekwisha pukutika, watu hutoka na bunduki kwenda msituni kuwinda kulungu, na ni ada ya baba kumchukua mwanawe anapoingia ubarobaro. Kijana wa Kiislamu huwasikia wenzake wa skuli wakisimulia, naye humjia mzazi wake na suala: "Baba, kwani kwetu sisi kuwinda ni haramu?"

Jawabu ni kuwa kuwinda ni halali. Lakini uhalali huo umefungamana na masharti, na mzazi anayemkabidhi mwanawe bunduki bila ya kumfundisha masharti hayo huenda akarudi nyumbani na kibudu akidhani ni chakula, au akarudi na msiba. Somo hili linakusanya yale ambayo mzazi hana budi kuyajua kabla ya kutoka, na linasimama juu ya msingi mmoja: roho ya mnyama si mali ya mwindaji. Ni mali ya Aliyeiumba, na haitolewi ila kwa idhini Yake na kwa namna aliyoiidhinisha.

1. ASILI YA UHALALI WA KUWINDA

Dalili ya kuwinda imo katika Qur'ani na Sunna. Katika Suratul-Maida, aya ya 2 inawaruhusu waumini kuwinda wanapotoka katika ihramu, aya ya 4 inahalalisha kinachokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda baada ya kutajwa jina la Mwenyezi Mungu, na aya ya 96 inahalalisha mawindo ya baharini. Ama Sunna, nguzo ya mlango huu ni Hadithi ya Adiy bin Hatim (R.A.), ambaye alikuwa mwindaji, akamuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mbwa, mishale na mnyama aliyepotea baada ya kupigwa. Majibu aliyopewa ndiyo yanayotumika hata leo kwa bunduki.

Kuwinda vile vile ni kazi ya watu wema waliotangulia. Nabii Ismail (A.S.) alikuwa mrushaji mishale, na Hamza bin Abdul-Muttalib (R.A.) alikuwa akirejea kutoka mawindoni, upinde begani, siku aliyosikia kuwa Abu Jahl amemtukana mtoto wa nduguye, nayo ikawa ndiyo siku ya kusilimu kwake.

Hukumu ya kuwinda hubadilika kwa nia. Mwenye kuwinda kwa ajili ya chakula, au kwa manufaa mengine yanayokubalika, huyo amefanya la halali. Mwenye kuligeuza kuwa mchezo wa kupotezea siku huingia katika karaha. Ama mwenye kuua kisha akamwacha mnyama aoze, huyo ameharibu kiumbe bila ya haki, na imepokewa katika Hadithi kuwa hata shomoro aliyeuliwa kwa mchezo atamshitakia Mola wake aliyemuua bure. Basi nia isahihishwe nyumbani kabla ya bunduki kufutwa vumbi.

Na iko aya moja ambayo mzazi amsomee mwanawe usiku wa kuamkia safari, nayo ni aya ya 94 ya sura hiyo hiyo. Wafasiri wameeleza kuwa waumini walipokuwa katika ihramu, mwaka wa Hudaybiya, wanyama wa mwituni waliwakaribia mpaka wakawa wanaweza kufikiwa kwa mikono na kwa mikuki, nao wamekatazwa kuwagusa. Uwezo ulikuwapo, idhini haikuwapo. Huo ndio mtihani wa kila mwindaji mpaka leo, kwani aliyeshika bunduki yuko katika hali ambayo anaweza, na dini inamtaka ajiulize kwanza kama ameruhusiwa.

2. MNYAMA MWENYEWE

Kulungu wa Marekani, hasa yule mwenye mkia mweupe kwa chini, si jamii moja na kulungu na swala wa Afrika, ingawa Waswahili wamempa jina hilo kwa kufanana. Waarabu humwita ayyil. Tofauti iliyo dhahiri ni pembe: pembe za swala hubakia maisha, ama pembe za kulungu huyu ni mfupa unaodondoka kila mwaka ukaota mwingine, na kwa kawaida huota kwa dume peke yake. Ni mnyama mwenye kwato zilizopasuka, mwenye kucheua, anayekula majani na machipukizi. Hana chonge za kuwindia, wala si katika wanyama waliokatazwa. Nyama yake ni halali kama ilivyo ya paa.

Mzazi amweleze mwanawe pia kwa nini serikali za kule huruhusu wauliwe. Mwishoni mwa karne ya 19 kulungu hao walikuwa karibu kumalizika kwa kuwindwa ovyo ili nyama na ngozi zao ziuzwe. Ndipo majimbo yakaweka vyombo vya kuwalinda. Jimbo la Pennsylvania, kwa mfano, liliunda tume yake ya wanyama wa mwituni mwaka 1895. Kulungu wakaongezeka tena, hali ya kuwa mbwamwitu na wanyama wengine waliokuwa wakiwala wametoweka katika sehemu kubwa ya misitu ya mashariki. Wanapozidi, hula miche yote mpaka msitu usiweze kuzaa miti mipya, huharibu mashamba, na hugongwa na magari barabarani. Kwa hiyo idadi ya watakaowindwa hukadiriwa, na kibali hutolewa kwa kipimo.

3. KIBALI NI AHADI

Wapo wanaodhani kuwa sheria za nchi zisizo za Kiislamu hazimfungi Muislamu katika mambo ya kuwinda. Dhana hii ni kosa. Aya ya kwanza ya Suratul-Maida, kabla ya kutaja wanyama halali na mawindo, imeanza kwa kuamrisha kutimiza ahadi. Mwenye kuingia katika nchi kwa viza amekubali masharti yake, na mwenye kuchukua kibali cha kuwinda ameahidi kuwa hatozidisha idadi, hatowinda nje ya msimu wala nje ya saa zilizowekwa, na hatoingia katika ardhi ya mtu bila ya ruhusa. Kuvunja hayo ni khiyana, ijapokuwa mnyama amepigwa kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Sheria hutofautiana baina ya jimbo na jimbo, na hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mzazi asitegemee masimulizi ya marafiki. Kwa mfano, Pennsylvania humtaka mwenye kuchukua kibali kwa mara ya kwanza awe amemaliza mafunzo ya uwindaji. Kijana wa miaka 14 huwa hana ruhusa ya kwenda bila ya kuandamana na mtu mzima. Na aliyepiga kulungu humtia kitambulisho chake kabla ya kumsogeza alipoangukia.

Liko na jambo linalowahusu hasa watu wa Ghuba: sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama mwanafunzi, kuwa na bunduki au risasi, ila katika hali zilizotajwa, na mojawapo ni kuwa na kibali halali cha kuwinda. Basi mtu asishike hata bunduki ya kuazima kabla ya kuuliza na kupata jibu la maandishi kwa wenye mamlaka.

4. SILAHA NA DAMU YA MWANADAMU

Wanavyuoni wa fiqhi wanapoeleza maana ya kuua kwa bahati mbaya, mfano wanaouleta mara nyingi ni huu: mtu alimlenga mnyama wa mwituni, risasi au mshale wake ukampata binadamu. Haukuchaguliwa mfano mwingine, kwa sababu jambo hili hutokea. Na aliyeua kwa bahati mbaya haondoki bure. Suratun-Nisaa, aya ya 92, imewajibisha diya kwa jamaa wa aliyeuliwa ila wakisamehe, pamoja na kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Kosa la mtoto ambaye hajabaleghe halimfanyi kuwa mwenye dhambi, lakini damu haipotei, na mzazi aliyempa silaha bila ya kumfunza atasimama mbele ya Mola wake kwa uzembe wake.

Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwa kuwa hajui, huenda shetani akauteleza mkono wake. Kutokana na katazo hilo, na kutokana na uzoefu wa wawindaji, kijana ahifadhi mambo haya kama anavyohifadhi sura fupi:

Kwanza, kila bunduki ichukuliwe kuwa imejaa risasi, hata aliyeimimina ni yeye mwenyewe.
Pili, mdomo wa bunduki usielekezwe kwa kitu ambacho hakukusudiwa kupigwa.
Tatu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka wakati wa kupiga.
Nne, asipige mpaka amjue mnyama kwa yakini, na ajue kilichoko nyuma yake. Mlio kichakani si mnyama, na rangi ya hudhurungi inayotikisika si mnyama.

Asitumie darubini ya bunduki kuangalia kilichoko mbali, kwani huenda kikawa ni mtu, naye amekwisha mlenga. Akipanda ulingo uliofungwa mtini, ajifunge mkanda, na bunduki ivutwe juu kwa kamba ikiwa haina risasi. Na wote wawili wavae nguo za rangi ya chungwa inayong'ara, ambazo sheria ya majimbo mengi huziwajibisha. Pennsylvania katika msimu wa bunduki imeweka kipimo cha inchi mraba 250 kwa kichwa, kifua na mgongo. Kulungu haoni rangi hiyo kama aionavyo mwanadamu, na mwindaji mwenziwe huiona kutoka mbali.

5. KUTAJA JINA LA MWENYEZI MUNGU

Katika kuchinja, jina la Mwenyezi Mungu hutajwa juu ya mnyama aliyelazwa. Katika kuwinda, wanavyuoni wamesema kuwa hutajwa juu ya silaha inapoachiwa. Kwa hiyo haitoshi kusema Bismillahi nyumbani, au wakati wa kutia risasi. Wakati wake ni pale kidole kinapogusa kifyatulio, na kila risasi ina tasmiya yake. Mwenye kuacha kwa makusudi, mawindo yake hayaliwi. Ama aliyesahau, wanavyuoni wengi wamemsamehe.

Mzazi amzoeshe mwanawe hili nyumbani, bila ya risasi, mara nyingi, mpaka ulimi uwe unatangulia kidole. Katika mazoezi haya imo hekima ya ziada: kijana ambaye hawezi kupata nafasi ya kusema Bismillahi Allahu Akbar kwa utulivu, basi hakuwa na nafasi ya kulenga vizuri, na hakupasa kupiga.

Ama mtoto ambaye hajabaleghe, akiwa anapambanua, anajua anachokifanya na anataja jina, mawindo yake ni kama dhabihu yake, nayo huliwa kwa kauli ya wanavyuoni wengi. Na binti katika hayo ni sawa na mvulana.

6. HUKUMU YA RISASI

Mtume (S.A.W.) alimwambia Adiy kuwa mnyama aliyepigwa kwa ncha yenye kutoboa huliwa, na aliyepigwa kwa ubavu wa fimbo haliwi, kwa sababu huyo amekufa kwa pigo, naye ni katika waliotajwa katika aya ya 3 ya Suratul-Maida. Zilipotokea bunduki baadhi ya wanavyuoni walisita. Kisha ikadhihiri kuwa risasi ya leo hupenya ngozi, hutoboa mwili na kumwaga damu, na wengi wakaihukumia kuwa ni kama mshale. Ama manati, jiwe na rungu vimebakia katika hukumu ya pigo.

Inafuatia hapa kwamba kulungu aliyegongwa na gari ni kibudu, ingawa sheria ya baadhi ya majimbo humruhusu mtu kumchukua. Haliwi ila akikutwa na uhai, akachinjwa.

7. SURA NNE ZA MAWINDO

Sura ya kwanza: Kijana amelenga nyuma ya bega, penye moyo na mapafu, ametaja jina, kulungu ameanguka na kufa kabla hawajamfikia. Huyu ni halali bila ya kuchinjwa, na jeraha la risasi limesimama mahali pa kisu.

Sura ya pili: Wamemfikia akiwa na uhai uliothibiti, si mtapatapo wa mwisho. Huyu hahalaliki mpaka achinjwe. Kisu kikali kiwe tayari kiunoni mwa mzazi, na akichinje chuma hicho kwa haraka, kwani Mtume (S.A.W.) ameamrisha kufanya wema hata katika kuchinja, kunoa kisu na kumstarehesha mnyama. Wasimame wakimtazama afe wenyewe hali wanaweza kumchinja, basi wamempoteza.

Sura ya tatu: Amepigwa, akakimbia na kupotea machoni. Hapa ndipo panapojulikana mwindaji mwenye kumcha Mungu. Ni juu yao kumfuata kwa alama za damu na nyayo. Kungoja kidogo ili asizidi kufukuzika ni sehemu ya kumtafuta, lakini kurudi kunywa kahawa na kumwachia usiku ni kumtelekeza. Wakimpata hata baada ya siku moja au mbili, wakaona hana ila athari ya risasi yao na hajaoza, ataliwa. Wasipompata baada ya juhudi, wameshindwa kwa udhuru. Lakini wajue kuwa iko roho iliyoteseka kwa ajili yao, na jambo hilo liwazidishie uangalifu wa kutopiga kutoka mbali kuliko uwezo wao.

Sura ya nne: Imeingia shaka. Amekutwa majini na haijulikani kama ameuawa na risasi au kwa kuzama. Au ameanguka gengeni. Au mwindaji mwengine naye amempiga, na haijulikani risasi ipi ndiyo iliyoua wala kama mwenziwe ni katika wanaoliwa mawindo yao. Mtume (S.A.W.) alimkataza Adiy kula mnyama aliyemkuta mbwa mwengine pamoja na wake, kwa kuwa alitaja jina juu ya mbwa wake tu. Asili ya nyama ni uharamu mpaka sababu ya uhalali ithibiti. Basi waache, hata kama ni windo la kwanza na pembe zake ni nzuri. Kijana atakayemwona baba yake akimwacha mnyama mnono kwa ajili ya shaka, hatohitaji hotuba nyingine juu ya taqwa.

8. SALA NA TWAHARA MSITUNI

Imepokewa kuwa mwenye kuandama mawindo hughafilika. Na ghafla ya kwanza ni sala. Saa za kuwinda huanza mara nyingi nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na wawindaji huwa wamekwisha kaa mahali pao gizani. Alfajiri ya kweli hutangulia hapo; basi na wasali kwanza, ndipo wapande. Na jua linapotua, wakati ambao kulungu hutembea sana, Magharibi imeingia.

Wakiwa wametoka mji wao kwa masafa ya farsakh mbili, ambayo ni kama kilomita 12, basi ni wasafiri kwa mujibu wa madhehebu ya Ibadhi, na ni wajibu wao kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili. Wanaweza pia kujumuisha Adhuhuri na Alasiri.

Katika kutawadha, kupangusa juu ya khofu hakutoshi katika madhehebu haya. Kwa hiyo viatu vizito na soksi zivuliwe na miguu ioshwe, na chupa ya kuhifadhi maji ya moto ichukuliwe kwa ajili hiyo kama inavyochukuliwa ya chai. Mwenye kukhofia madhara ya kweli kwa baridi, na hana njia ya kupasha maji, atatayamamu, kwa Hadithi ya Amr bin al-As (R.A.) katika vita vya Dhatus-Salasil.

Damu inayobubujika ni najisi. Aliyemchinja na kumpasua kulungu aoshe mwili, abadilishe nguo, kisha atawadhe upya. Damu iliyobakia ndani ya mishipa ya nyama baada ya hapo imesamehewa.

9. MOYO WA KIJANA

Mtoto anapoiona roho ikitoka kwa mkono wake kwa mara ya kwanza, huenda akanyamaza, huenda akatetemeka, huenda akalia. Mzazi asimcheke wala asimwambie kuwa mwanamume halii. Huzuni ile ni rehma, na Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa asiyerehemu harehemewi. Amwekee mkono begani na amwambie: "Mwanangu, usiione aibu hali hiyo. Muogope siku utakayoua na usihisi kitu."

Na kijana akishusha bunduki dakika ya mwisho, akasema hawezi, au kwamba kulungu hakukaa vizuri, au kwamba yuko pamoja na mtoto wake, mzazi asimsukume. Kuacha kupiga hakuhitaji kafara, na risasi iliyotoka hairudi. Mwindaji aliyerudi mikono mitupu baada ya kuchunga mipaka hakupoteza siku yake.

Kati ya desturi za baadhi ya wawindaji wa nchi zile ni kumpaka kijana usoni damu ya windo lake la kwanza. Hili Muislamu hulikataa kwa upole: damu ni najisi, na mnyama hakuuliwa kwa ajili ya fahari. Vile vile kambi za mawindo ambamo ulevi hunywewa si mahali pa kumpeleka mtoto, kwanza kwa dini yake, pili kwa sababu ulevi na bunduki havikai pamoja. Na asifanye shabaha ya kiumbe chenye roho, kwani hilo limekatazwa kwa nasi, na Ibn Umar (R.A.) aliwakemea vijana waliomfunga kuku wakimlenga.

10. NYAMA

Nyama ya windo ni amana. Mambo matatu yaangaliwe.

La kwanza ni afya. Uko ugonjwa unaowadhoofisha kulungu mpaka kufa, uliojulikana kwanza Colorado mwaka 1967, ukaonekana Wisconsin mwaka 2002 na Pennsylvania mwaka 2012, na umeenea katika majimbo mengi. Haukuthibiti kumwambukiza mwanadamu, lakini wataalamu wa afya wa Marekani hushauri mnyama wa sehemu zenye ugonjwa apimwe, na aliyethibiti kuwa nao asiliwe. Nyama iliyo karibu na jeraha ikatwe itupwe, kwani risasi za madini ya risasi huacha chembe ndogo zisizoonekana.

La pili ni bucha. Wenye kukata nyama za mawindo wengi huchanganya mafuta ya nguruwe katika soseji, na mashine moja hupitisha nyama za watu mbalimbali. Salama zaidi ni familia ikate nyama yake nyumbani.

La tatu ni kugawa. Wapewe majirani na wenye haja, na kijana mwenyewe ndiye apeleke sahani.

11. WANAPORUDI OMAN

Huenda kijana aliyejifunza kuwinda Marekani akarudi Oman, akaona swala jangwani, akadhani hukumu ni ile ile. Hapana. Choroa mweupe wa Arabuni alimalizika mwituni mwaka 1972, kwa bunduki na magari ya watu waliokuwa na uwezo wasijiulize juu ya idhini. Oman ikamrejesha Jiddat al-Harasis mwaka 1982, na hifadhi yake ikaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1994. Mwaka 1996 walikuwa kiasi cha 450. Kwa wizi wa mawindo, na kwa kuharibiwa mahali pao, walibakia 65 tu, na mwaka 2007, baada ya hifadhi kupunguzwa kwa asilimia 90, ikaondolewa katika orodha, nayo ni ya kwanza duniani kuondolewa. Amri ya Kisultani namba 6 ya mwaka 2003 imekataza kuwaua na kuwakamata wanyama wa mwituni wa nchi hii. Mnyama aliye halali kwa asili yake hukatazwa kwa maslaha ya umma, kama alivyokatazwa kwa aliye katika ihramu.

KHITIMISHO

Wana wa Israili walijaribiwa kwa samaki waliokuja juu siku ya Sabato, na waumini wa umma huu wakajaribiwa kwa mawindo yaliyofika mikononi. Wa mwanzo walifanya hila, na wa pili walijizuia. Kila mzazi anayempeleka mwanawe msituni anamfunza njia moja katika hizo mbili, ajue au asijue. Basi na amfunze ya kujizuia kwanza, ndipo amfunze ya kupiga.

MASWALI YA KUSOMESHANA NYUMBANI

1. Tasmiya ya mawindo husemwa wakati gani, na kwa nini haitoshi kuisema nyumbani?
2. Kulungu aliyekutwa amekufa mtoni akiwa na jeraha la risasi ana hukumu gani?
3. Kulungu aliyegongwa na gari na kukutwa akiwa hai, ni lini huhalalika?
4. Kwa nini kuvunja masharti ya kibali ni khiyana?
5. Ni mfano gani wanavyuoni huutoa wa kuua kwa bahati mbaya, na nini humlazimu aliyeua?

Mwenyezi Mungu awaongoze watoto wa Kiislamu popote walipo, na awape wazazi wao hekima ya malezi. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.